Bi Twaiba na Sura ya Tano

Wanafunzi wa Ukunda waliokuwa na ripoti za kupigwa chapa walijua pa kwenda. Walipita kituo cha mafuta, wakalivuka duka la viatu vya mitumba, wakaingia katika chumba chembamba chenye kompyuta mbili, printa moja na feni iliyokuwa ikilia mchana kutwa. Humo ndimo alimokaa Bi Twaiba Chirau, mwanamke wa miaka hamsini na sita, miwani puani na mtandio umemwangukia mabegani. Hakuwa mwepesi wa vidole kama vijana wa maduka mengine, lakini kazi yake haikurudishwa kwa makosa, na karatasi ya mtu haikupotea kwake.

Alizaliwa Milalani, Msambweni, baba yake akiwa mkwezi wa minazi. Alipomaliza shule alipelekwa Mombasa kusomea uhazili, na mwalimu wake wa huko, mama mmoja mkali, aliwafundisha jambo moja kabla ya mengine yote: mpiga chapa hunakili kilichoandikwa, hapunguzi wala hazidishi. Bi Twaiba alilishika neno hilo. Kwa miaka kumi na minane ya duka lake hakuwahi kumwambia mteja yeyote kwamba maneno yake yana walakini.

Si kwamba hakuyaona. Ripoti zile ziliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye aliisoma vizuri kuliko alivyoizungumza, na zote zilikuwa na sura tano. Nne za kwanza zilitofautiana. Mmoja alichunguza nyuki, mwingine waendesha bodaboda, mwingine watoto wanaoacha shule Vanga. Lakini walipofika sura ya tano, ile ya mahitimisho na mapendekezo, wote walikuwa kama wamekaa meza moja wakinakiliana. Serikali itenge fedha zaidi. Jamii ihamasishwe. Mafunzo yaongezwe. Bi Twaiba aliweza kuyachapa hayo huku akizungumza na jirani yake, na asikosee hata herufi.

Jumanne moja akaja Kavenya Ndambuki. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Shimba Hills, wazazi wake wakiwa Wakamba waliokuja kulima huko zamani. Alikuwa anamalizia diploma ya mifugo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Umeniletea nini?"

"Projekti. Nimeandika kwa mkono yote, na supavaiza anaitaka Ijumaa."

Kazi yenyewe ilihusu kuku. Kulikuwa na mradi uliokuwa umepita katika vijiji vitatu vya upande wa Lunga Lunga, ukiwafundisha wanawake kuchanja kuku wao wasife kwa kideri, ule ugonjwa unaoingia bomani na kuwafagia wote kwa siku chache. Mradi ulipoisha, Kavenya akaenda kuuliza hali ilivyo. Aliuliza kaya tisini, thelathini kila kijiji: Mtsungani, Kidzumbani na Ziwanjuu. Karatasi za hojaji alizijaza mwenyewe, mlango hadi mlango, kwa miguu.

Bi Twaiba alizichapa sura tatu siku hiyohiyo. Jumatano asubuhi akaingia ya nne, yenye majedwali. Jedwali la tatu lilionyesha kaya zilizohudhuria mafunzo: Mtsungani ishirini na nne, Kidzumbani kumi na moja, Ziwanjuu ishirini na mbili. Jedwali la nne lilionyesha kaya zilizopoteza zaidi ya nusu ya kuku wao mwaka uliopita: Mtsungani kumi na tisa, Kidzumbani sita, Ziwanjuu nane. Akapiga mistari, akapanga nambari katika safu zake, akageuza ukurasa.

Sura ya tano ilianza hivi: imebainika kwamba kuku wanakufa kwa sababu wafugaji hawana elimu ya chanjo, kwa hiyo inapendekezwa mafunzo yaongezwe katika vijiji vyote vitatu.

Vidole vikasimama juu ya vibonye. Alirudi nyuma kurasa mbili, akatazama tena. Mtsungani ndiko waliko waliofundishwa wengi kuliko kote, na ndiko kuku walikokufa wengi kuliko kote. Kidzumbani walifundishwa wachache, na kuku wao walikuwa wakitembea.

Adhana ya adhuhuri ikamkuta bado anatazama. Akaenda kuswali, akarudi, akaketi, na asichape.

Kilichomzuia ni jambo la zamani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika ofisi ya mradi mmoja wa visima, mradi uliokufa kitambo na ambao hata jina lake watu hawalikumbuki. Kisima kimoja kilichimbwa karibu na kwao, na wanawake hawakuwa wakichota. Watu wa ofisi wakaenda kuwauliza, na majibu akayachapa Twaiba mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Wanawake wote walisema neno lilelile: maji yana chumvi, kunde haziivi, sabuni haitoi povu. Kisha akaletewa sura ya mwisho ya ripoti, nayo ikasema wanawake wafundishwe umuhimu wa maji safi. Akaichapa. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa wale waliojibu. Baadaye yakaja mabango yenye picha ya mtoto anayenawa mikono, yakabandikwa hadi kwenye mnazi wa baba yake, na bomba la kisima likashika kutu. Mama hakumlaumu, maana hakujua kwamba binti yake ndiye aliyeichapa karatasi ile. Lakini Twaiba alijua.

Kavenya alipokuja Alhamisi jioni, alikuta sura nne zimetolewa na kubanwa vizuri.

"Na ya tano, Mama?"

"Ya tano nimeisimamisha."

"Kuna ukurasa umepotea?"

"Kurasa zako zote zipo. Vuta hicho kiti, uje huku kwangu."

Akayaweka majedwali mawili sambamba kwenye kioo cha kompyuta. "Nisomee. Mtsungani waliofundishwa ni wangapi?"

"Ishirini na nne."

"Na waliopoteza kuku?"

"Kumi na tisa."

"Haya, Kidzumbani."

Kavenya akasoma. Alipofika Ziwanjuu sauti yake ilikuwa imeshuka. Aliunyosha mkono kama anayetaka kukigusa kioo, akaurudisha mapajani.

"Sasa niambie," Bi Twaiba akasema taratibu, "hayo mapendekezo yako ya kuongeza mafunzo yametoka jedwali lipi?"

Msichana akakaza uso. "Mama, mimi nilikuletea kazi ya kuchapa."

"Kweli kabisa. Na ukiniambia nichape, nitachapa sasa hivi, nusu saa haifiki."

"Kila mtu huandika hivyo. Hata wa mwaka jana waliandika hivyo na walipita."

"Najua, mwanangu. Mimi ndiye niliyewachapia."

Kavenya hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka, na baada ya kicheko machozi yakamlenga. Akaeleza kwamba sura ya tano aliiandika kabla ya kumaliza kuhesabu majibu, kwa sababu muda ulikuwa unambana, na kwa sababu alikuwa na hakika ya atakachokikuta. Mradi ulikuwa wa mafunzo. Nani angedhani kwamba jibu si mafunzo?

Hapo Bi Twaiba angeweza kunyamaza, na baadaye alitamani angenyamaza. Lakini alikuwa na dada yake, Hanifa, aliyeolewa Mtsungani, na Hanifa alikuwa amefiwa na kuku kumi na wanne kwa wiki moja.

"Shida ya Mtsungani mimi ninaijua," akasema. "Ni friji ya Mbwana. Yule mwenye agroveti, duka la dawa za mifugo. Chanjo inataka baridi, naye friji yake ni mbovu, dawa inakaa imeshakufa ndani ya chupa. Dada yangu ameniambia mara kadha wa kadha. Andika hilo."

Kavenya akaliandika kwenye daftari. Akampigia simu mwalimu wake msimamizi, akaomba wiki moja zaidi, akapewa kwa shingo upande. Jumamosi akapanda gari la Lunga Lunga.

Jumatatu alirudi, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Mama," akasema kabla hata ya kuketi, "friji ya Mbwana ni nzima."

"Nzima vipi?"

"Nzima. Inatumia sola na betri mbili. Ndani ameweka kipimajoto, na kila asubuhi na jioni anaandika baridi iko wapi. Nimeyaona madaftari, ya miaka miwili. Nilipomwambia watu wanasema friji yake ni mbovu, aliniuliza ni nani. Sikukutaja. Lakini aliumia, Mama. Alisema yeye afadhali alale njaa kuliko kuiacha ile friji izimike."

Bi Twaiba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa amemhukumu mtu kwa maneno ya dada mmoja mwenye uchungu wa kuku wake. Wiki iliyopita alimketisha binti wa watu na kumwonyesha makosa yake kwenye kioo, na kabla hata ya kiti kupoa akalifanya kosa lilelile yeye mwenyewe.

"Nimemkosea," akasema. "Ni haki yake nimwombe msamaha kwa mdomo wangu. Haya, hebu niambie, hakusema jambo jingine?"

Mbwana alikuwa amesema. Alikuwa ameiweka chupa ndogo ya chanjo juu ya kaunta, ndogo kuliko kidole gumba, akamweleza Kavenya kwamba hiyo ni ya kuku mia. Hakuna ndogo kuliko hiyo. Ukishaichanganya na maji yake, unawatonesha kuku jichoni tone mojamoja, na inakupasa uimalize kabla ya mchana kuwa mkali. Mwenye kuku wanane atafanyaje na chupa ya kuku mia? Wengine huitumia, kisha huihifadhi iliyobaki mtungini kwa ajili ya jirani atakayekuja kesho au kesho kutwa.

"Wanaihifadhi mtungini!" Bi Twaiba akasema.

"Ndivyo alivyosema. Lakini hayo ni maneno ya Mbwana peke yake," Kavenya akajibu haraka, na Bi Twaiba akatabasamu, maana tahadhari ile haikuwapo wiki iliyopita. "Nikakumbuka kwamba nilikuwa na swali la kumi na saba. Niliwauliza: mara ya mwisho mlichanja siku gani, na mlichanja na nani? Sikulihesabu. Majibu yalikuwa marefu, kila mtu na hadithi yake, hayakuingia kwenye viboksi. Nikaliacha."

Alikuwa amezibeba hojaji zote tisini ndani ya mfuko wa gunia.

Wakafunga nusu ya mlango. Wakaondoa viti, wakatandika mkeka sakafuni, wakazitawanya karatasi. Kavenya alisoma jibu, kisha wakaamua pamoja liingie fungu lipi: waliochanja asubuhi moja na majirani, au la pili, waliochanja peke yao pamoja na wasiochanja kabisa. Walipotofautiana waliisoma tena karatasi. Mwanamke mmoja wa Kidzumbani alikuwa ameeleza kirefu jinsi chama chao cha akina mama kinavyonunua chupa moja na kuzunguka nayo nyumba hadi nyumba, wakimalizia kwa mwenye zamu ya kupika uji. Mwingine wa Mtsungani alisema alichanja siku aliyopata dawa iliyobaki kwa wifi yake. Hiyo ilichukua muda, kwa sababu Kavenya alitaka kujua "iliyobaki" ni ya siku ngapi na karatasi haikusema. Wakaiweka fungu la pili.

Kufikia alasiri hesabu ilikuwa imekaa. Waliochanja pamoja walikuwa kaya arobaini na moja, na kati yao ni nne tu zilizopoteza zaidi ya nusu ya kuku. Kaya nyingine zilikuwa arobaini na tisa, na zilizopoteza zilikuwa ishirini na tisa. Kavenya hakuridhika na jumla peke yake, akagawa kwa kijiji. Mtsungani waliochanja pamoja walikuwa kaya tano tu, moja ikapoteza. Kidzumbani zilikuwa ishirini, mbili zikapoteza. Ziwanjuu kumi na sita, moja. Kila kijiji kilisema vilevile.

Bi Twaiba aliinuka, magoti yakilia, akaketi mbele ya kompyuta. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyepata kitu chake kilichopotea. "Sema nichape."

"Kuchanja pamoja..." Kavenya akaanza.

"...huzuia kideri," Bi Twaiba akamalizia, vidole tayari vinakwenda.

"Hapana, Mama. Ngoja."

Akasubiri.

"Mimi sikuona dawa ikizuia. Niliona kwamba waliochanja pamoja walipoteza wachache. Huenda ni kwa sababu chupa ilimalizwa mapema. Lakini huenda pia wale wanaojiunga na chama ndio wanaowaangalia kuku wao vizuri zaidi, wanawafungia, wanawalisha. Hilo sikuliuliza. Na dawa ya mtungini sikuipima."

Bi Twaiba akakigusa kibonye cha kufuta, akalifuta "huzuia" herufi moja moja. "Endelea wewe," akasema. "Mimi ninanakili."

Wakaandika kwamba katika vijiji vyote vitatu kaya zilizochanja siku moja na majirani zilipoteza kuku wachache zaidi. Kwamba kuhudhuria mafunzo peke yake hakukuonyesha tofauti iliyotarajiwa kati ya kijiji na kijiji. Kwamba hilo si kusema mafunzo hayana faida, kwa kuwa utafiti haukuangalia walichofundishwa na walichokumbuka. Maneno yalikuwa machache kuliko yale ya kwanza, na Kavenya aliona haya kwa ufupi wake.

Yakaja mapendekezo. Ya awali yalikuwa tisa. Serikali itenge fedha zaidi kwa mifugo.

"Jedwali lake?" Bi Twaiba akauliza.

"Sina."

Likafutwa. Wafugaji wajenge mabanda ya kisasa. Mabanda hakuyauliza, likafutwa. Jamii ihamasishwe.

"Ihamasishwe na nani? Juu ya nini?"

Kavenya alifikiri hadi akachoka, kisha akaligeuza: kila kijiji kiwe na siku yake ya chanjo kila miezi mitatu, mwenye agroveti ajulishwe mapema, na kikundi cha akina mama kiandae orodha ya nyumba. Hilo lilikuwa na mtu wa kulifanya na siku ya kulifanya. La pili, mafunzo yatakayofuata yaonyeshe chupa moja inavyogawanywa asubuhi moja. La tatu, mtu mwenye maabara aipime chanjo iliyolazwa mtungini, ili ijulikane hasa. Basi. Yakabaki matatu.

Mwalimu msimamizi alimwita Kavenya ofisini na kumuuliza kwa nini sura ya tano ina kurasa mbili badala ya sita. Kavenya akafungua majedwali, akaeleza. Mwalimu akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena, akasema hajaona sura ya tano aliyoweza kuifuata kwa kidole kwa muda mrefu. Nakala moja ikaenda kwa afisa wa mifugo wa wadi, naye akataka matokeo yasomwe Mtsungani kwenyewe, mbele ya watu waliojibu.

Bi Twaiba alilifunga duka siku hiyo akaenda. Kwanza alipita kwa Mbwana. Alimkuta anapanga dawa za kupe, mzee mwembamba mwenye kofia ya kitambaa.

"Maneno ya friji yalitoka kwangu," akamwambia baada ya salamu na kujitambulisha kuwa dada yake Hanifa. "Sikuwa nimeyathibitisha. Niwie radhi."

Mbwana akamfungulia friji, akamwonyesha kipimajoto. Alipoona Bi Twaiba amekisoma kweli, akaifunga. "Yameisha," akasema. "Na dada yako mwambie friji ni nzima."

Mkutano ulikuwa katika darasa la chekechea, wanawake wamebanana kwenye madawati madogo, Hanifa mbele kabisa. Kavenya alisoma kwa Kiswahili, bila karatasi karibu muda wote. Waliposikia habari ya mtungi wengine walichekana, wengine wakatazama chini. Hanifa alisema kwa sauti kwamba yeye dawa yake ya mwisho ilikuwa ya siku tatu, na kwamba hakuna aliyemuuliza hilo kabla.

Kisha bibi mmoja aliyekuwa kimya kona ya nyuma akainua mkono. "Mwanangu, umesema kuku. Je, na bata? Bata wangu nao niwatoneshe siku hiyohiyo?"

Afisa wa mifugo alikuwa anataka kujibu, lakini watu wote walimtazama Kavenya.

"Bata sikuwauliza, bibi," akasema. "Sijui. Nitamuuliza anayejua, nikuletee jibu."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akaridhika, akashusha mkono. Bi Twaiba, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kukosa nafasi, alijisikia moyo wake umetulia kwa namna ambayo hakuwa ameizoea. Wanawake walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu siku: Jumamosi au Jumatatu, na wataanzia nyumba ya nani.